Shujaa Kylychbek na Viazi vya Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Shemeji kashuka leo na futi ya kupimia. Hakunisalimu. Kapima ukuta hadi ukuta, kapima mlango, kisha kasimama katikati ya klabu yangu akichezesha midomo kama anayesoma dua. Nikamuuliza anapima nini. Viazi, akasema.

Basi ndiyo hivyo. Mavuno ya mwaka huu yamefurika, ghala la uani limejaa, na chumba hiki cha chini ni chake, kama ilivyo nyumba yote iliyo juu yake. Viazi vinaletwa Jumamosi ya wiki ijayo. Nikamwambia hii ni klabu ya kompyuta, ni mwanga wa vijana wa mji huu wa Karakol. Akageuka kuwatazama hao vijana. Walikuwa wawili, na mmoja amelala juu ya kibodi. Akasema nikiijaza klabu watu kabla ya Jumamosi hiyo, viazi atavitafutia pengine. Nisipoijaza, kompyuta nizitafutie mimi pengine.

Shemeji Kylychbek, mume wa dada yangu Burulkan, si mtu mbaya. Ana magunia mengi tu. Wa kulaumiwa ni Zarlyk. Nilisoma naye darasa moja, akawa ananakili hesabu zangu, akafeli, na tangu siku hiyo ana kinyongo. Sasa kafungua klabu ng'ambo ya barabara. Kompyuta mpya. Intaneti. Viti vinavyozunguka! Mtu anakwenda kucheza au kuzunguka?

Mashine zangu ni za zamani. Mchezo zinaoumudu bila kuzimika ni mmoja, ule wa vita ambao kila mtu hapa aliucheza akiwa shuleni. Shujaa mwenyewe hasemi. Anayesema ni askari mwanamke anayefuatana naye, na kabla ya kuanza unamchagulia sauti. Pana alama ya sikio kwenye skrini. Ukiibofya anasema sentensi moja, ukiibofya tena anasema nyingine, ukizidi kumbofya anakasirika. Zamani nilikuwa nakaa hapo kwenye sikio nusu saa kabla ya kugusa upanga.

Shida ni sauti zenyewe. Diski zetu ni za magendo kutoka Urusi, na aliyezitia maneno ni mwanamume mmoja mwenye mafua. Anamsemea kila mtu: mfalme, joka, mchawi, na huyo askari wa kike. Unabofya sauti ya kwanza ya msichana, ni yeye. Unabofya ya pili, ni yeye tena, kapiga chafya.

Nikiwa kwenye chai, wazo likanijia. Nitaufanya mchezo useme Kikirgizi. Hakuna klabu yenye mchezo unaosema Kikirgizi, hata kwa Zarlyk. Na shujaa nitampa jina la shemeji. Shujaa Kylychbek! Mtu hawezi kujimwagia viazi yeye mwenyewe.

Nimelala vizuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Picha ya shemeji nimeipata kwenye cheti chake cha mkulima bora. Nimeiingiza badala ya sura ya shujaa. Kwenye skrini ina ukubwa wa stempu, kofia ya kalpaki imekatika nusu, na anaonekana kama mtu aliyekanyagwa mguu. Lakini ni yeye.

Sauti sasa. Kila sentensi ya mchezo ni faili moja ndani ya folda, ina jina lake la herufi na namba. Unatoa faili ya mwenye mafua, unaweka yako, unaipa jina lilelile, mchezo haujui kitu. Nilijirekodi kwanza mimi mwenyewe. Sauti yangu ni nzito, ya kuogopesha. Kwenye spika ilitoka ya ndama. Nikarudia. Ndama yuleyule. Maikrofoni mbovu.

Hapo nikamkumbuka Begimai. Begimai ni mkamwana wa nyumba hii, mke wa mpwa wangu Ulan aliyekwenda Siberia kujenga maghorofa. Kabla ya kuolewa alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Watu waliokuwa wanakwenda Naryn walipanda basi la Bishkek kwa sababu alilitangaza vizuri. Tangu aolewe, kituo kinatangaziwa na mlinzi, na hakuna anayeelewa kitu.

Nikamwomba dada Burulkan ruhusa. Akauliza ni kwa ajili ya nini. Nikasema elimu ya watoto. Akauliza somo gani. Nikasema historia. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema mkamwana akimaliza kukamua ng'ombe ni sawa, lakini nisimtie mtoto wa watu katika mambo yangu. Mambo yangu! Nina mambo gani mimi?

Jumatano, 8 Oktoba

Studio ni stoo ya nyuma. Nimetundika mazulia ya sufu ukutani sauti isirudi. Begimai kaja na kitambaa kichwani na buli la chai mkononi, maana mkamwana haendi mahali mikono mitupu. Nikampa karatasi ya sentensi. Kylychbek, niko tayari. Kylychbek, adui mbele. Kylychbek, nimeumia. Na ile ya kukasirika: Kylychbek, umenichosha. Akaisoma, rangi ikambadilika, akauliza kama ni lazima iwe hivyo. Nikamwambia sanaa ndivyo ilivyo, nikatoka kumfukuza mbwa wa jirani aliyekuwa anabweka.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Akasema ameshasema yote, akaenda zake kukanda unga. Nikaziingiza faili kwenye mchezo, nikabofya sikio.

“Mheshimiwa baba mwenye nyumba tunayokaa kwa amani, niko—”

Kimya. Nikabofya tena.

“Mheshimiwa baba mwenye nyumba tunayokaa kwa amani, ad—”

Mchezo huu ni wa zamani, kila sentensi inapewa sekunde nne. Zikiisha, unakata hata kama mtu anakufa. Heshima ya mkamwana wetu haienei sekunde nne.

Nikapanda juu kumuuliza. Akasema, mjomba, si unajua? Ni kweli, najua, nimezaliwa hapa. Mke hatamki jina la baba mkwe maisha yake yote. Hata akikutana na mtu mwingine sokoni mwenye jina hilo, humtungia jingine. Dada Burulkan mwenyewe mpaka leo anamwita marehemu baba mkwe wake Mwenye Farasi Mweusi, na farasi alishakufa kabla yake. Yote hayo nayajua. Ila nilidhani kompyuta haihesabiki.

Begimai akasema inahesabika.

Kisha akatoa shauri: aseme “Baba”, basi. Neno fupi, lina adabu, na nafasi inabaki. Nikamwambia Karakol imejaa akina baba, shemeji atajuaje kwamba anayeitwa ni yeye? Akasema kwani picha yake haipo pale. Msichana ana majibu huyu. Tukarekodi “Baba”, mimi nimenuna, yeye anatangaza kama zamani, mgongo umenyooka, macho yanang'aa. Kwenye ile ya kukasirika hakusema umenichosha. Alisema, “Baba, nimechoka kidogo.” Askari gani huyo?

Alipomaliza akaomba asikie. Nikambofyia. Akajifunika mdomo kwa kitambaa akacheka. Akasema hajasikia sauti yake mwenyewe tangu aolewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefungua rasmi. Nimebandika tangazo mlangoni: Mchezo wa Kwanza Duniani Unaosema Kikirgizi. Hilo la duniani sijalithibitisha.

Wamekuja! Wanafunzi, mpiga viatu rangi, hata mama anayeuza maandazi ya boorsok pale kona. Wanakaa, wanafungua ukurasa wa kuchagua sauti, wanabofya sikio. “Baba, niko tayari.” Wanatazamana. Ni yule binti wa kituoni! Wanabofya tena. Mama wa maandazi alisema mara ya mwisho kuisikia sauti hiyo ilikuwa siku anamsindikiza mwanawe, akafuta macho, akabofya tena.

Kasoro moja. Hakuna aliyecheza, hata mmoja. Wanabofya sikio mpaka waridhike, wananishukuru, wanaondoka. Nimewaeleza kwamba baada ya sikio kuna mchezo mzima, kuna mapango, kuna joka. Wakasema asante, watakuja siku nyingine kwa joka.

Jioni kaja Zarlyk. Kasikiliza mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akasema sauti ni nzuri, hakuna ubishi, lakini huyo askari anaita “Baba” kama msichana anayeomba viatu vipya. Halafu akauliza yule mpishi kwenye picha ni nani.

Mpishi!

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemleta shemeji mwenyewe. Nimemkalisha, nimemwekea mto. Akaitazama skrini. Nikamwambia atazame vizuri huyo shujaa. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akasema anafanana na daktari wa mifugo wa Tyup, yule aliyemuulia fahali.

Nikabofya sikio. “Baba, niko tayari.” Akasema huyo binti ana malezi. Kisha akainuka, akapima upana wa ngazi, akasema magunia yatapita yakilazwa.

Nimefikiri mchana kutwa. Watu wapo, lakini wanaingia na kutoka, na shemeji hana habari kwamba vita vyote hivi vinapiganwa kwa heshima yake. Jina lazima lisikike. Lisiposikika nimekwisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefanya. Nilikata “Baba” kwenye kila faili, nikapachika “Kylychbek”. Jina tu, hayo mengine ni ya Begimai. Hilo jina nimelisema mimi mwenyewe, kwa sauti nyembamba, pua nimeibana kwa vidole. Limekaa vizuri sana. Huwezi kujua nimeingilia wapi. Ile ya kukasirika nimeisema yote mimi, maana nimechoka kidogo si hasira.

Sikumwambia Begimai. Mtu mwenye kazi nyingi hasumbuliwi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi! Foleni imefika juu ya ngazi hadi uani. Wapagazi wa sokoni, walimu, mafundi wa baiskeli. Kila mmoja anakaa, anabofya. “Kylychbek, niko tayari!” Wanajipiga mapaja kwa vicheko. “Kylychbek, adui mbele!” Na hawaachi mpaka wamfikishe pale anapokasirika. “Kylychbek, umenichosha!” Hapo chumba kizima kinalia machozi. Ng'ambo ya barabara viti vya Zarlyk vinazunguka peke yake.

Klabu imejaa, na bado siku za kutosha kabla ya viazi. Nikajipongeza kwa bakuli mbili za tambi za ashlan-fu zenye pilipili nyingi.

Shemeji karudi mapema kutoka sokoni. Hakunywa chai. Nadhani sifa zimemzidi, watu wengine hawajui kupokea sifa.

Jumanne, 14 Oktoba

Si sifa.

Inaonekana jana mnunuzi mmoja wa viazi alitaka bei ipungue, shemeji akakataa, mnunuzi akageuka kwa wenzake akasema kwa sauti nyembamba, “Kylychbek, umenichosha!” Soko zima likaitika. Shemeji akauliza wameyatoa wapi maneno hayo. Wakamwambia: kwa mkamwana wako, anakuita hivyo chini ya nyumba yako, twende ukasikie.

Dada Burulkan anapika mwenyewe na hagusi mkate uliookwa na Begimai. Ulan kapiga simu kutoka Siberia, habari zimeshafika huko, anauliza mke wake kaingiwa na nini. Begimai kashuka klabuni kabla sijafungua. Macho mekundu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akasema, mjomba, mimi nilisema Baba. Wewe unajua nilisema Baba. Akasema ameshafunga nguo zake, kesho kutwa kaka yake anakuja kumchukua, na mkamwana akirudi kwao kwa aibu ya namna hii harudi tena na uso uleule. Anachotaka ni maneno machache tu kutoka kwangu, mbele ya baba mkwe wake.

Nikamwambia nitasema. Kesho.

Nikakaa nikapima. Nikisema leo, shemeji atanitoa na kompyuta zangu leo. Nikinyamaza mpaka Jumamosi, klabu itakuwa imejaa, na ahadi ni ahadi. Begimai bado kijana, ana uvumilivu. Nilijisikia vibaya sana mpaka chakula cha mchana. Kisha nikala.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijapata kuona siku kama hii, na sitaki nyingine.

Asubuhi shemeji kashuka na wazee wawili wa ukoo, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nyuma yao dada Burulkan. Nyuma kabisa Begimai, kichwa kimeinama, na buli la chai, kwa sababu wageni ni wageni hata wakija kukuhukumu. Foleni yote ikafukuzwa. Haikwenda mbali, ilibaki kwenye ngazi, imetega masikio.

Shemeji akakaa kwenye kompyuta. Akakishika kipanya kwa vidole viwili, akakiinua, akakiweka juu ya skrini. Nikamwonyesha. Akabofya sikio.

“Kylychbek, niko tayari!”

Mzee mmoja akajimwagia chai. Shemeji akabofya tena. Kylychbek, adui mbele. Kylychbek, nimeumia. Masikio yake yakawa mekundu mpaka shingoni, lakini kidole hakikuacha. Alibofya kama mtu anayejidunga sindano mwenyewe, mpaka tukafika.

“Kylychbek, umenichosha!”

Ngazini mtu akacheka, wenzake wakamziba mdomo. Shemeji akauliza, bila kugeuka, kama hiyo ni sauti ya mkamwana wake. Begimai akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni nusu. Mzee akauliza nusu ipi. Begimai akanitazama.

Mimi nilikuwa nakagua waya. Ningeweza kusema wakati ule, kinywa kilikuwa wazi kabisa. Kikatoka kikohozi.

Mzee wa pili akasema mambo ya kompyuta hayaeleweki, lakini jina limetajwa na sauti ni ya kike, na katika nyumba hii sauti ya kike ya umri huo ni moja. Begimai akaweka buli chini. Akafungua aproni yake taratibu, akaikunja, akaiweka chini mlangoni.

Hapo dada Burulkan akasema shemeji abofye tena ile ya mwisho. Akabofya. Dada akasema, tena. Akabofya. Dada akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyechoka na mambo ya ulimwengu, akasema sauti hiyo anaijua. Akasema siku nilipotahiriwa, uani kwa marehemu baba yetu, wageni wakila, yeye ndiye aliyenishika mikono, na nilipiga kelele hivyohivyo, puani.

Wote wakanigeukia. Hata wa ngazini.

Wazee wakaniomba nilitaje jina. Nikakataa. Nikasema nina mafua. Dada akaniendea, akanishika sikio kama zamani, akalisokota.

“Kylychbek!” nikasema.

Ileile. Hata kompyuta isingetutofautisha.

Wazee walicheka mpaka kofia moja ikaanguka. Ngazini walianguka watu. Shemeji peke yake hakucheka. Aliinuka, akaenda mlangoni aliposimama Begimai, akaokota aproni akampa. Akasema, binti yangu, nimiminie mimi kwanza. Baba mkwe hanywi kabla ya wazee wake, lakini alikunywa, mbele yao, amesimama, bakuli zima. Begimai alilia akimimina. Na dada Burulkan akapanda juu, akarudi na ule mkate wa jana, akaumega akautafuna hivyohivyo, mkavu.

Hata mimi macho yaliniwasha. Vumbi la waya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hukumu. Kwa desturi nilitakiwa nichinje kondoo wa fidia. Sina kondoo. Basi Jumamosi nitabeba viazi mimi, gunia kwa gunia, na klabu inafungwa. Nikamkumbusha shemeji kwamba alisema nikiijaza watu ataniacha, na niliijaza. Akasema niliijaza watu waliokuja kumcheka. Sikuona tofauti, lakini fimbo ya mzee ilikuwa bado mezani.

Jina limefutwa kwenye kila kompyuta. Kwangu amerudi mwenye mafua.

Na Zarlyk? Kikulacho ki nguoni mwako. Kapeleka wazee nyumbani kwa heshima zote, na maandazi, na kitambaa kipya cha dada Burulkan, kuomba mkamwana atangaze mchezo mzima. Aseme “Baba”. Shemeji kakubali. Leo mchana Begimai alirekodi huko, mlango wazi, mama mkwe wake amekaa pembeni akishona. Mtaa mzima umesikia. Sauti kama siku za kituoni.

Nilipita tu barabarani, sikuwa na haja ya kuchungulia. Shemeji alikuwa ndani, kwenye kiti kinachozunguka, anazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia, anabofya sikio. “Baba, niko tayari.” Anasubiri, anabofya tena. Hajacheza hata yeye.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekwenda sokoni kununua betri. Muuza betri kaniuliza shida yangu kwa sauti nyembamba, amebana pua. Muuza mkate vilevile. Polisi wa njia panda vilevile. Nimerudi bila betri.

Begimai kaniletea supu. Nikamwambia samahani, maana dada alikuwa amesimama nyuma yake. Begimai akasema yamekwisha, mjomba, kula. Mbaya zaidi ni kwamba alimaanisha. Supu niliila ikiwa imeshapoa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Viazi. Mgongo wangu umekufa. Magunia yanapita kwenye ngazi yakilazwa, shemeji alipima sawasawa.

Klabu imejaa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekaa juu ya gunia, nimefikiri kwa utulivu wapi nilikosea, na nimepaona. Lilikuwa kosa la mchezo. Mchezo wa vita una maneno mengi mno.

Shemeji ana huruma, kaniachia kona moja, kompyuta moja inaenea ukikunja miguu. Na ndani ya sanduku la diski nimekuta mchezo wa zamani wa mashindano ya magari. Mzuri sana! Dereva hasemi. Pembeni yake amekaa msichana anayesoma ramani: kushoto, kulia, breki. Na kabla ya kuanza unamchagulia sauti, unabofya sikio, vilevile. Nimebofya. Ni yule mwenye mafua.

Safari hii sitamsumbua mtoto wa mtu. Sauti ya kike ninayo mwenyewe. Mji mzima umeisikia, wamesema mengi, lakini hakuna aliyesema ni mbaya. Asubuhi nimejaribu ya kwanza, “Kushoto, polepole!” na panya wawili wametoka kwenye viazi.

Kasoro ni moja, dereva hana jina. Ni mwanamke wa makamo, kifua kipana, ana hasira usoni. Haipendezi aitwe “wewe”. Ufunguo wa chumba hiki sasa anakaa nao dada, na mwenye ufunguo ndiye wa kulainishwa, kwa hiyo nimeshachagua. Burulkan, umepotea njia! Burulkan, punguza mwendo! Burulkan, umetuua!

Zinaenea sekunde nne, na nafasi inabaki. Kesho nitamwita ashuke asikilize, mbele ya watu. Atafurahi sana.